Matembezi ya Mto Msimbazi: Kutoka Kivukoni hadi Msitu wa Pugu

  Leo hatutapiga hesabu wala hatutaandika barua. Leo tutatembea.

Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Mwalimu, sisi hutembea kila siku. Twatoka Buguruni hadi Kariakoo na mzigo kichwani, na wewe waja kutufundisha kutembea?" Ni kweli. Lakini mwenye mzigo hutazama miguu yake asije akajikwaa. Mimi nataka siku moja ya mapumziko muuweke mzigo chini, mpande daladala, mwende mahali pasipo na kazi yenu, mtazame nchi. Wala msidhani kwamba jambo hili ni la watalii na wenye motokaa. Nitakayoyataja leo yote hufikiwa kwa miguu na kwa nauli ya kawaida.

Na ili tusitangetange ovyo, tutafuata kitu kimoja tu, nacho ni mto Msimbazi. Ukitaja Msimbazi mjini Dar es Salaam, wengi hukumbuka mtaa wa maduka pale Kariakoo, na wengine zaidi hukumbuka mpira. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, na Yanga ni watoto wa Jangwani. Mashabiki hugombana tangu asubuhi hadi usiku, na kumbe majina yote mawili yametoka katika bonde moja la mto mmoja! Lakini mto wenyewe ni wachache waujuao. Huvukwa kila siku na watu wasioutazama.

Katika darasa letu la Kivukoni yumo mama mmoja mtu mzima, mkaanga samaki pale Feri. Sitamtaja jina, maana hakunipa ruhusa. Mama huyu alikuwa akikaa bondeni, karibu na Jangwani, mpaka mwezi wa Desemba 2011. Mnaokumbuka mafuriko ya mwaka ule mnajua habari yake. Mvua ilinyesha siku chache tu, mto ukafurika, watu wapatao 40 wakafa mjini humu, na maelfu wakapoteza makazi. Baadaye Serikali iliwahamishia wengi Mabwepande. Mama huyu aliokoa watoto na godoro moja. Siku moja darasani, tulipokuwa tukisoma silabi "msi-mba-zi", aliniuliza, "Mwalimu, maji yale yalikuwa yanatoka wapi?" Nikamjibu, "Milimani, mama." Akasema, "Milima ipi? Mimi sijauona mlima hapa Dar es Salaam." Basi hapo ndipo yalipoanza matembezi haya. Darasa zima liliamua kwenda kuuona mto mwishoni mwake, na kisha mwanzoni mwake.

Tuanze mwishoni, maana ni karibu nasi. Panda basi la mwendokasi hadi kituo cha mwisho cha Kivukoni, au njoo kwa miguu ukitoka Kariakoo. Ukisimama hapo, mbele yako ni mlango wa bandari, na ng'ambo ya maji ni Kigamboni, vivuko vikienda na kurudi. Upande ule wa pili, karibu na gati, ndipo kilipofunguliwa Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwenye nafasi na avuke siku nyingine, achukue daladala hadi Mjimwema, akatembee ufukweni. Ni pwani nzuri, lakini iko sehemu ya jeshi, na hapo hupiti. Leo sisi hatuvuki.

Pitia soko la samaki, kisha fuata barabara ya pwani kuelekea kaskazini, bahari ikiwa kuliani kwako. Barabara hii wazee huiita Ocean Road. Tangu 2013 inaitwa Barabara ya Barack Obama. Unapita upande wa Ikulu. Hapo pita kwa adabu, usisimame wala kupiga picha, na askari akikuambia zunguka, zunguka bila ubishi kwa mitaa ya ndani, penye Ukumbi wa Karimjee na Bustani ya Mimea. Bustani hiyo ilianzishwa enzi za Wajerumani, na kivuli chake si cha kudharauliwa ifikapo saa sita mchana. Mbele zaidi utaona jengo la zamani la Hospitali ya Ocean Road, nalo ni la enzi hizo hizo, ambalo leo ni la taasisi ya matibabu ya saratani. Endelea hadi Hospitali ya Aga Khan. Hapo linaanza Daraja la Tanzanite.

Daraja hili lilifunguliwa mwaka 2022, kwa mkopo wa Jamhuri ya Korea, na urefu wake ni zaidi kidogo ya kilomita moja. Limejengwa juu ya bahari yenyewe, na lina njia ya waenda kwa miguu. Nenda mpaka katikati, ushike kingo, ukipe bahari kisogo, utazame bara. Lile daraja la zamani ulionalo kule ndani ni Salenda. Na yale maji yatokayo chini ya Salenda, yenye rangi ya chai ya maziwa, ndiyo Msimbazi. Safari yake ya kilomita 35 hivi inakomea hapo.

Sasa nawaomba msiende saa yoyote mtakayo. Pwani ina saa yake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo za bamvua hapa kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Mvuvi yeyote wa Feri atakuambia hayo bila kutazama karatasi. Lakini karatasi ipo, ni jedwali la maji, na mtu aliyejifunza kusoma tarakimu katika darasa letu anaweza kulisoma. Nenda wakati wa maji kupwa, maana ndipo utakapoona mikoko.

Mikoko ya Salenda imestahimili mengi. Tazama mti uitwao mchu. Kuuzunguka, mizizi midogo imesimama wima juu ya tope, mamia kwa mamia, kama penseli zilizochomekwa. Mizizi hiyo huvuta hewa. Tope la pale ni zito, halina hewa ndani yake, basi mti umetafuta hila ya kupumulia juu. Maji ya mto yakifika katika mizizi hiyo hupunguza mwendo, na mchanga na udongo uliobebwa hutua. Ndiyo maana pale pana tope jingi. Mama yetu alipoliona alisema, "Udongo huu wote hauwezi kuwa wa Jangwani peke yake." Nilifurahi sana kusikia neno hilo, maana ndilo somo lenyewe, na mwanafunzi alilipata kabla ya mwalimu kulifundisha.

Usishuke kuyakanyaga maji yale. Msimbazi hupita katikati ya mji, hupokea vijito vya Ubungo na Sinza, na pamoja na maji hupokea takataka na maji machafu ya viwanda na majumba. Tazama tu. Kisha malizia daraja, ushuke upande wa Coco Beach, ule mihogo ya kukaanga yenye pilipili, upumzike. Kutoka Feri hadi hapo kwa mwendo wa pole ni saa moja na nusu, pengine mbili ikiwa mna watoto. Nenda na wenzako, na simu iwe mfukoni, isiwe mkononi, maana vibaka nao hupenda upepo wa bahari. Kurudi kuna daladala za Posta na za Kariakoo.

Siku ya pili ya matembezi ni ya bara, na ndiyo niliyoipenda zaidi.

Mwaona, watu wengi wa Dar es Salaam hudhani kwamba msitu ni kitu cha mikoa mingine, cha Tanga au cha Kilimanjaro. Kumbe Pugu na Kisarawe ni hapo hapo, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Kutoka Kariakoo, pale Gerezani, utapata daladala za Gongo la Mboto. Hapo hushuka, ukatafuta gari la Kisarawe. Nasema "gari la Kisarawe", na hapa nitawasimulia aibu yangu, ili iwafae.

Daladala nyingi za mji huu zimepakwa mstari wa rangi ubavuni, na rangi hiyo huonyesha njia ya gari. Asiyejua kusoma huijua rangi yake, huipanda miaka ishirini, na hafiki popote isipokuwa panapofika rangi ile. Mama yetu alinieleza hivyo yeye mwenyewe. Alikuwa na rangi mbili tu maishani, moja ya kwenda nyumbani na moja ya kwenda Feri. Kuuliza aliona haya. Basi siku ile tulipofika Gongo la Mboto, kondakta mmoja alikuwa akiita, "Pugu! Pugu! Pugu hiyo!" Mimi, mwenye stashahada ya chuo kikuu, nikawaambia wanafunzi wangu, "Haya, pandeni." Wakaanza kupanda. Mama akabaki chini. Alikuwa amesimama mbele ya gari, kidole kikienda taratibu juu ya kibao, midomo ikicheza: "Cha-ni-ka." Akaniita. "Mwalimu, hii imeandikwa Chanika. Wewe umesema twaenda Kisarawe."

Gari lile lingefika Pugu kweli, lakini pale Kajiungeni njia hugawanyika. Ya kwenda Chanika hushika upande wake, na ya Kisarawe upande wake. Sisi tungejikuta Chanika, na jua limepanda. Wote tukashuka, kondakta akilalamika. Nilimshukuru mama mbele ya darasa zima. Akacheka akaniambia, "Usijali mwanangu, hata mimi nimewahi kupotea."

Basi someni kibao, msisikilize sauti tu.

Njiani kwenda Kisarawe, baada ya Kajiungeni, barabara inaanza kupanda. Hapo mama alitazama nje akasema, "Kumbe mlima upo." Si mlima mrefu, ni vilima, lakini upepo wake si wa mjini. Katika vilima hivi iko shule ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka alipojiuzulu mwezi wa Machi 1955. Chama cha TANU kilikuwa kimezaliwa tarehe 7 Julai 1954, katika jengo lililoko mtaa ambao leo ni Lumumba, huko Kariakoo. Husimuliwa mara nyingi kwamba mwalimu yule mara nyingine alikwenda kwa miguu kutoka Pugu hadi mjini kwa mambo ya chama, na kurudi. Ukiwa ndani ya daladala, huku umesimama na kiwiko cha mwenzako kimo ubavuni mwako, ikumbuke safari ile, kisha uone kama una haki ya kulalamika. Mimi nililalamika vile vile.

Msitu wenyewe unaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu na Kazimzumbwi. Unatunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa kifupi TFS. Usiingie kimya kimya kama mwizi. Fika kwanza kwa wahifadhi, ulizia kiingilio, uombe mtu wa kuwaongoza. Vaa viatu vya kufunika vidole, chukua maji ya kunywa, na usiende wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, maana njia huteleza. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri.

Ndani utakuta nini? Kwanza utakuta kimya, na baada ya dakika kumi utagundua kwamba si kimya hata kidogo. Kuna ndege wasiokanyaga mjini. Wamo kima, na usiku hutoka komba, yule mnyama mdogo wa macho makubwa. Liko pia bwawa la Minaki. Na liko chimbo la zamani la kaolini, udongo mweupe utumikao kutengenezea vyombo vya kauri, na katika mapango yake hulala popo wengi sana. Msitu huu ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwapo tangu zamani sana, na ndani yake imo miti isiyopatikana mahali pengine pengi duniani. Wataalamu wa nchi za mbali hupanda ndege kuja kuitazama. Sisi tulikuja kwa daladala mbili.

Lakini tulikuja kutafuta mto, na mwanzoni darasa lilivunjika moyo. Mtu hutazamia chemchemi kubwa inayobubujika. Mwongozaji alituonyesha bonde dogo, na ndani yake kijito ambacho mtoto angeweza kukiruka. Akasema, "Vijito kama hiki vikikutana huko chini, ndiyo Msimbazi." Mwanafunzi mmoja kijana akauliza, "Hiki ndicho kilichobomoa nyumba za watu?"

Ndipo tukafanya jaribio. Na ninyi mnaweza kulifanya, hata shuleni kwenu. Chini ya miti ardhi ilikuwa imefunikwa na majani makavu, tabaka juu ya tabaka, laini kama mkeka wa zamani. Nikamwomba mama amimine chupa moja ya maji pale. Akamimina. Maji yakazama, tusione hata tone likikimbia. Kisha tukaenda ukingoni mwa msitu, mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa zamani, majivu ya tanuri la mkaa yakionekana bado, na ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Akamimina chupa ya pili. Maji yale hayakuzama. Yalikimbia mteremko, yakachukua udongo njiani, yakafika miguuni petu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi ile ile tuliyoiona chini ya Salenda.

Hakuna aliyesema neno kwa muda kidogo.

Nataka niwe mkweli hapa, maana somo lisilo kweli halifai. Si msitu peke yake. Mvua ya Desemba 2011 ilikuwa kubwa mno, na huenda mto ungefurika hata kama vilima vyote vingekuwa na miti. Tena mji wenyewe ni sakafu moja kubwa: mabati, lami na saruji, toka Gongo la Mboto hadi baharini, na maji hayana pa kuzama. Mifereji huzibwa na takataka, na watu hujenga bondeni kwa sababu kwingine ni ghali. Mwenye kuwaambia kwamba chanzo ni kimoja, msimwamini upesi. Lakini chupa ya kwanza na chupa ya pili tuliziona kwa macho yetu.

Nilitaka kulisema hilo pale pale, nikaanza kueleza habari za wakata miti, nikitumia maneno makali kidogo. Mama akanikatiza kwa upole. Alisema, "Mwalimu, mkaa huo mimi ndiye ninayeununua. Nikaangie nini samaki?" Sikuwa na jibu zuri. Hatukujua gunia lake hutoka wapi, pengine hutoka mbali kabisa, Kilwa au Morogoro. Nikataja gesi. Akaniuliza mtungi ni kiasi gani, na sufuria la mafuta ya samaki mia litakula mtungi kwa siku ngapi. Tukakaa chini ya mti, tukatoa madaftari, tukaanza hesabu: magunia kwa mwezi, bei ya gunia, mitungi kwa mwezi, bei ya mtungi. Mimi niliwaahidi mwanzoni kwamba hatutapiga hesabu. Mnisamehe. Hesabu ile ilitukalisha mpaka saa tisa, na bado haijaisha; mama anaijaribu kwa jiko moja kati ya mawili aliyo nayo, na ameniambia nisimharakishe.

Tulirudi na gari la jioni. Safari hii sikugusa jambo lolote. Mama alisimama mbele ya kila daladala akasoma kibao, na sisi wengine tukamfuata.

Kazi ya juma hili ni hii. Nenda kituo cha daladala kilicho karibu nawe, usipande gari lolote, ukae robo saa. Andika majina matano uyasomayo katika vibao, hasa ya mahali usipopata kufika. Katika jina moja wapo, uliza mwenzako kama kuna mto, bwawa, ufukwe au msitu, na gari lipi hufika. Leteni majibu darasani. Na wale mnaokaa kando ya Msimbazi, leteni pia chupa mbili za maji. Tutakwenda nyuma ya darasa, penye mwembe na penye sakafu, tukamimine.